Santuri ya Bi Sponji Haikatizwi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Sogezeni viti. Kama unapika, punguza moto. Kama uko kazini na bosi hapendi redio, iweke chini chini, lakini usiizime. Leo tuna jambo.

Tunamkumbuka fundi makochi. Mwanamke aliyevalisha makochi ya nusu ya mji huu, na aliyekuwa shabiki namba moja wa bendi moja ya zamani ambayo wengi wenu hamjapata kuisikia. Ametutoka Jumatatu iliyopita. Moyo ulichoka. Jina la kwenye kitambulisho familia inalo. Mtaani tulimwita Bi Sponji, mwenyewe aliitika, kwa hiyo na mimi nitamwita Bi Sponji.

Aliacha agizo moja tu kwa binti yake. Alimwambia, "Mnipigie Upande wa Pili. Wote. Asiukatize mtu."

Msibani haukupigwa. Nitawaeleza kwa nini. Leo utapigwa. Hilo nalo nitalieleza.

Twende taratibu.

Bendi yenyewe mashabiki waliiita Kinu, kwa sababu ya picha ya kwenye jalada: kinu kikubwa cha kusagia nafaka, kando ya mto. Walikuwa vijana wa nchi za baridi, vijana wa enzi hizo, sasa wazee wenye magoti mabovu kama sisi. Walichukua nyimbo za wakulima wa kwao, nyimbo za bibi zao, wakazitia gitaa la umeme, ngoma nzito, kinanda, na filimbi moja inayopulizwa kama mtu anakimbizwa. Usitegemee kucheza. Ukianza tu kutikisa bega, wimbo umeshageuka. Unaanza kama mtu anafagia uwanja asubuhi. Mara radi. Mara kimya. Mara filimbi peke yake imekaa kwenye kona inalia. Ndiyo unasema sasa nimeuelewa, radi tena.

Upande wa pili wa santuri hiyo una wimbo mmoja. Upande mzima, wimbo mmoja. Ni habari ya msagaji aliyeambiwa na bwana mwenye shamba asimamishe kinu chake. Akakataa. Basi, hiyo ndiyo habari yote. Akakataa. Mashabiki waliuita wimbo huo Upande wa Pili, hawakuhangaika kuutafutia jina lingine.

Sasa Bi Sponji aliipata wapi santuri hiyo? Ndani ya kochi.

Fundi makochi hukuta mambo, wasikilizaji. Fungua kochi la watu uone: vitana, sarafu, funguo zilizotafutwa mpaka watu wakanuniana, hata jino la bandia. Bi Sponji alikuwa bado msichana, anajifunza kazi kwa baba yake. Akafungua mgongo wa kochi la familia iliyokuwa inahama. Kati ya springi na gunia, santuri. Akawapelekea wenyewe. Wakamwambia, "Kaa nayo, sisi hata mashine hatuna." Yeye pia hakuwa na mashine. Alikaa na santuri akiitazama picha yake muda mrefu tu, mpaka mteja mmoja akamlipa baba yake kwa mashine kuukuu ya santuri badala ya pesa. Baba alifoka siku nzima. Binti alifurahi siku nzima.

Akaweka upande wa kwanza. Akasema, si mbaya. Akageuza. Aliniambia mwenyewe, miaka mingi baadaye, nyundo mkononi: "Sikukaa chini, mzee. Nilisikiliza nimesimama mpaka mwisho, na gundi ikaganda kwenye brashi."

Brashi nzima iliharibika. Baba alifoka tena.

Mtu ambaye hakuipenda kabisa ni kaka yake mkubwa. Huyu ndiye aliyekuja kuwa msemaji wa familia, na namtaja kwa heshima zote. Wakati huo ndiyo kwanza amepata ukarani na viatu vya kung'aa. Siku moja akaja karakana na wakubwa wake wa kazini, kuwaonyesha viti vya ofisi. Akamkuta mdogo wake amefumba macho, Kinu inanguruma.

"Zima hiyo!"

"Inaisha sasa hivi, kaka."

"Muziki gani huu usiochezeka? Mnachinja mbuzi humu ndani?"

Akaunyakua mkono wa mashine. Sindano ikapita juu ya santuri kwa sauti ya bati linalokatwa. Wakubwa wa kazini wakatazama dari.

Baba yao alikuwa anafanya kazi, mdomo umejaa misumari midogo, kama mafundi wa makochi wanavyoishika. Akaitema kiganjani, mmoja mmoja. Akamgeukia binti yake. "Mwanangu, weka tena."

Akaweka. Ikaenda vizuri, ikaenda, mpaka pale bwana mwenye shamba anapofika mlangoni na msagaji anamjibu. Kwa lugha yao anasema neno moja, ambalo kwetu ni: hatusimami. Hapo ndipo palipokwaruzwa. Sindano ikarudi nyuma. Hatusimami. Ikarudi tena. Hatusimami. Ingerudi mpaka kesho. Bi Sponji akainua mguu akapiga sakafu ya mbao, puu! Sindano ikaruka mkwaruzo, wimbo ukaendelea.

Wanaojiunga nasi sasa hivi, narudia: kaka alitaka kuuzima wimbo, akaiacha santuri na mkwaruzo. Na mkwaruzo ukaangukia hasa pale msagaji anapokataa. Bi Sponji akapiga mguu. Tangu siku hiyo, kwenye karakana ile, neno hilo lilisemwa mara tatu, kisha mguu, kisha filimbi. Hakuna aliyejua namna nyingine, kwa sababu santuri ilikuwa hiyo hiyo moja.

Baba alipofariki, karakana ikawa yake. Nikafika mji huu nikiwa na begi moja, nimeshazunguka huku na kule, nimelala kwenye mabenchi ya stesheni nyingi, na nawaambia sijapata kusikiliza muziki mahali kama pale. Sponji zimepangwa mpaka darini. Vitambaa vimening'inia. Sauti haina pa kugonga ikarudi, inakujia yenyewe, imetulia. Jumamosi mchana watu wanaanza kuingia, wanakaa kwenye makochi ya wateja. Dereva wa lori. Mwalimu wa hesabu, ambaye ndiye aliyetutafsiria maneno. Muuza magazeti na mkewe. Ukiongea katikati ya wimbo, adhabu yako ni kung'oa misumari ya kochi kuukuu mpaka upande uishe. Mwalimu aling'oa mingi sana.

Siku moja bwana mmoja alikuja kuchukua kochi lake. Akakuta watu wazima wanne wamejipanga juu yake, macho wamefumba.

"Samahani. Hilo si kochi langu?"

Dereva hakufumbua hata jicho. "Ni lako, bosi. Tunalijaribu. Njoo ukae, pembeni hapa bado hatujapajaribu."

Akakaa. Bwana yule hajakosa Jumamosi mpaka leo.

Walichekwa, wasikilizaji. Msidhani hawakuchekwa. Mtaa mzima ulikuwa unapiga muziki wa kuchezeka, na wao wamejifungia na filimbi. Vijana walipita mlangoni wanalia me-e-e. Bi Sponji anawajibu, "Mbuzi wa nje karibuni, nyasi ziko ndani." Ameshashika kazi, hata hageuki.

Sasa sikieni hili. Miaka ya karibuni tu, yule mpiga filimbi wa Kinu mwenyewe alipita mji huu. Mzee, mvi tupu, anazunguka dunia na vijana wanaompigia vyombo. Wakapiga ukumbi wa chuo. Karakana nzima ikaenda. Bi Sponji alimchukua na binti yake, ambaye ni muuza dawa na kwa kweli alikwenda kumridhisha mama tu.

Ukapigwa Upande wa Pili. Ukafika kwa msagaji. Hatusimami, akaimba kijana wa jukwaani, akataka kupita. Karakana ikaendelea kwa sauti moja: hatusimami! Hatusimami! Puu! Miguu yote chini. Mpiga ngoma akapotea. Watu wa viti vya mbele, wale waliovaa vizuri, wakageuka na kunong'ona.

Binti alinieleza hapa hapa studio. Alisema: "Niliinama mpaka chini ya kiti. Nikamwambia, Mama, unatuaibisha, wimbo hauko hivyo, wenyewe ndio hao wanapiga. Mama akaniambia, wenyewe ndio waliokosea. Wameruka mbili."

Wameruka mbili! Na hakuishia hapo. Ilipokwisha akapita mlango wa nyuma, mwalimu akiwa mkalimani, akamsimamisha mzee wa watu na filimbi yake mkononi akamwambia hivyo hivyo. Mzee akauliza mbili zipi. Akaelezwa habari ya santuri. Akauliza, "Nani aliikwaruza?" Bi Sponji akajibu, "Kaka yangu." Mzee alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema, "Mpe shukrani zangu. Wimbo ulikuwa na haraka pale."

Bi Sponji alizifikisha shukrani. Kaka mkubwa hakucheka.

Ndiyo tunafika msibani. Kaka ndiye mkubwa wa familia, neno lake ndilo neno. Akasema wazi: santuri haipigwi. Binti alimwambia, "Mjomba, aliniagiza." Akamjibu, "Mgonjwa huagiza mengi." Watu wa karakana walisimama nyuma kabisa, mikono mbele. Hakuna aliyepiga mguu. Waliiheshimu familia. Hotuba zilisomwa, akasifiwa kwa mishono yake iliyonyooka. Mishono ilikuwa imenyooka kweli. Lakini nilikaa pale nikisikiliza na sikumtambua aliyekuwa anasemwa.

Jumatano binti akaja hapa redioni, amekumbatia santuri kifuani kama mtoto mwenye homa. Akasema, "Nyumbani nimekatazwa. Hewani je?"

Nikampelekea mkuu wa vipindi wetu. Ni kijana mwenye adabu, sina ugomvi naye. Akaniambia, "Mzee, wimbo wa redioni ni dakika nne, unajua. Na huo mbovu hauwezi kwenda hewani, watu watadhani mitambo imekufa. Nimekutafutia nakala safi, kata kipande kizuri cha mwanzo."

Nakala safi nimeisikiliza. Ni safi kweli kweli. Msagaji anasema hatusimami mara moja, anapita zake, kama mtu anayejibu salamu. Leo asubuhi nikamrudishia nakala yake. Akasema kesho tutaongea. Sawa, tutaongea, wimbo ukiwa umeshapigwa.

Na jana nilimpigia simu kaka mkubwa, kwa sababu si vizuri mtu kusikia habari za nyumbani kwake redioni kama mgeni. Nilimwahidi kuyasema maneno yake kama alivyoyasema. Haya hapa: "Mdogo wangu alikuwa fundi na mama wa mtu. Msimfanye kichekesho kwa santuri mbovu. Mkiipiga, mimi nazima redio yangu."

Nimeyasema, bwana mkubwa. Neno kwa neno.

Basi, wasikilizaji wapendwa, hali ya studio ni hii. Mashine ya Bi Sponji iko mbele yangu. Zulia letu linameza kishindo, kwa hiyo dereva ameleta ubao wa sakafu kutoka karakana, ameulaza chini na mashine tumeiweka juu yake. Ameijaribu mara mbili, amesema inakubali. Mwalimu amekaa kwenye kona, amekatazwa kuongea. Binti amevua viatu. Ndiye atakayepiga mguu. Yule yule aliyejificha chini ya kiti. Nimemuuliza kama anajua ni wapi. Amesogea akasimama juu ya ubao. Kalelewa na wimbo huu, atakosaje kujua?

Kwa binti, kwa kaka mkubwa, kwa familia yote, pokeeni pole zetu, za moyoni kabisa, na kaka mkubwa yako ni ya kwanza. Umempoteza mdogo wako, na hilo santuri haibishani nalo. Kwa watu wa karakana, poleni. Jumamosi nendeni. Makochi yapo, na funguo anazo binti.

Na wewe unayesikiliza, ukiwa peke yako leo, jiulize. Kuna kitu unakipenda ambacho wenzako wanakicheka. Umekificha wapi? Kama ni ndani ya kochi, kitoe.

Mafundi mitambo, msiguse kitu. Sindano ikirudi nyuma, iacheni irudi. Mara tatu. Kisha mguu. Nanyi huko mliko, mkitaka kupiga mguu, pigeni, sakafu ni zenu.

Bwana mkubwa, najua mkono wako uko kwenye kitufe. Zima, ni haki yako. Lakini jirani yako wa kulia amewasha, alinipigia kuniambia. Wa kushoto amewasha. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara amewasha, na spika ameitoa nje. Utamsikia mdogo wako kwa madirisha.

Binti, uko tayari? Haya mama, simama vizuri.

Naweka sindano.