Mshipi Nilioulegeza Luiche

Sikilizeni wanangu, Meshack na wewe Scola, sogeeni, maana sauti yangu haifiki mlangoni tena. Mmekua mkisikia kwamba kutoka Simbo hadi Ujiji hakuna amsikiaye samaki kuyu kama baba yenu, na ni kweli. Kuyu hali kwa pupa, hupekua tope kwa sharubu zake, akagusa chambo kama unyasi unaopita, na mwenye haraka akivuta hapo amemkosa. Niliwafundisha: laza mshipi juu ya kidole, mguso wa kwanza uache, wa pili legeza, wa tatu ndipo uvute. Sikuwaambia siku ambayo wa tatu haukuja.

Ulikuwa mwaka wa mvua nyingi, Scola hajazaliwa. Nimeketi kwenye kona ya mto Luiche, maji yameuchukua mshipi hadi nisikoona, na mdogo wangu Martini alikuwa akivuka huko chini kutoka shambani. Mto ulinguruma, sikusikia sauti ya mtu. Nikasikia mguso, nikauacha. Ukaja wa pili, mzito kidogo, nami kwa ufundi wangu nikalegeza mshipi. Nilipouvuta baadaye, ndoano ilikuja na kipande cha shati lake. Nikakifukia mchangani.

Siku ya tatu tulimpata karibu na ziwa. Niliyemwosha ni mimi, nikaona mshipi wangu ulivyomchana kiganja alipoushikilia, nikakifumba kiganja hicho. Msibani mkewe, Eufrasia, akaniuliza, "Shemeji, wewe ulikuwa mtoni. Hukusikia kitu?"

Nikamjibu, "Sikusikia kitu."

Basi watu wakasema Martini alijitosa kwa ugomvi wa nyumbani. Ukoo ukamfukuza Eufrasia, akarudi kwao Kalinzi mikono mitupu, na shamba lao la michikichi nikalirithi mimi. Mawese yaliyowasomesha yametoka humo. Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Mimi macho ninayo hadi leo.

Meshack, usilie, sikiliza. Msingoje nife. Pandeni Kalinzi leo, mwambieni Eufrasia haya mbele ya wazee, msipunguze neno, na shamba mmrudishie lote. Akinilaani, msimjibu. Mkirudi mkanikuta... nimenyamaza, maneno yake yasemwe kaburini kama alivyoyatoa, hata yakiwa matusi.

Msifichane kitu, ninyi wawili. Mungu awabariki... awape usingizi, wanangu, maana mimi... Nendeni. Gari la Mwandiga, la kwenda Kalinzi, halingoji mtu.