Teodora Mayala, Mchoraji wa Nyoka Aliyewaogopa Nyoka

Marehemu shangazi yetu Teodora Mayala alizaliwa tarehe 3 Agosti 1964 Usagara, wilayani Misungwi. Baba yake, Mzee Mayala, alisifika kwa kucheza ngoma akiwa na chatu mabegani. Chatu huyo alilala sandukuni ndani ya nyumba, na Teodora akahamia kwa bibi yake. Hakuna aliyeweza kumrudisha.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Usagara, 1972 hadi 1978, akahitimu ualimu mwaka 1985 na kupangiwa kufundisha Mkuyuni, Mwanza. Tarehe 10 Desemba 1988 alifunga ndoa na Yakobo Luhaga, wakaweka makazi Pasiansi, wakajaliwa Gladness na Yeremia.

Jioni, akimaliza kusahihisha madaftari, alichora watu: majirani, wauza dagaa, mafundi cherehani. Mzee Mayala alipofariki mwaka 2008, shangazi alimchora na chatu wake, akigeuza uso kila brashi ilipofika kwenye nyoka. Mratibu mmoja wa maonyesho kutoka Ulaya akaichukua picha hiyo, ikasifiwa sana huko. Hapo ndipo shangazi aliponaswa. Kila mwaka mratibu na wenzake waliagiza picha ya nyoka.

Mwaka 2016 aliwapelekea picha ya rafiki yake Kusum, Mhindi muuza vitambaa wa Mkuyuni. Ikarudishwa: ni nzuri, walisema, lakini haina Uafrika. Shangazi akapiga simu, sote sebuleni tukisikia.

"Kusum kazaliwa hapahapa Mwanza, na Kisukuma ananizidi mimi! Mnataka Afrika ipi nyie?"

Wakamjibu kwa upole kwamba wanasubiri nyoka. Yeremia alikuwa chuoni, ada inahitajika. Shangazi akachora nyoka huku analia.

Mratibu alipomtembelea mwaka 2022, shangazi alimwonyesha jinsi ngoma zinavyoshindana kwao Usukumani: pande mbili, uwanja mmoja, hakuna jaji, na mshindi ni upande utakaojaza watu. Kulia alitundika nyoka, kushoto majirani. Pasiansi nzima ikahamia kushoto, watu wakijitafuta kwenye picha na kuchekana. Mgeni alipiga makofi kwa moyo wote, kisha akaondoka na nyoka.

"Nimeshinda," shangazi alimwambia mumewe, "ila bado sijatoka."

Novemba 2023 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukapooza. "Sasa wataniacha," alisema, na kwa kweli alitabasamu. Wakapiga simu kumpa pole, na kuuliza kama anaweza kutumia wa kushoto. Alilazwa mara kadhaa hapa Mwanza, na alfajiri ya tarehe 11 Mei 2025 alitutoka, mumewe akiwa kando yake.

Juzi wamepiga tena. Wanaandaa maonyesho ya kumuenzi, na wanaomba picha ya nyoka aliyoiacha bila kuimaliza. Yeremia amewaambia wataipata endapo Kusum atatundikwa ukuta uleule. Wakasema watajadiliana. Mpaka tunasoma wasifu huu, hawajajibu.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu, na dada yake Kusum, ambaye ndiye aliyemvika nguo zake za mwisho.

Mungu amlaze mahali ambapo hakuna anayemwagiza kitu.