Kisanduku Kilichozoa Mvua

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la Fundi Waya, mtengeneza televisheni, na chupa ya kahawa hukaa katikati yetu kama hakimu. Siku hiyo Fundi alikuwa amegeuza televisheni kubwa itutazame mlangoni. Ndani ya deki mlikuwa na mkanda wa harusi ya wazazi wangu. Mama ametangulia, na hatuna picha nyingine inayomwonyesha akitembea. Mkanda wenyewe umechoka. Fundi alinionya kwamba nakala tutakayotoa leo ndiyo watakayobaki nayo wajukuu. Nilitaka itoke safi.

— Kaeni mkao wa kula! — Fundi alichomeka kisanduku cheusi kati ya deki na televisheni. — Hiki kinachukua picha kuukuu, kinafuta chenga zote, kinaijaza vidoti mpaka unahesabu kope za mtu.

— Hivyo vidoti kinavitoa wapi? — aliuliza Breki, dereva mstaafu wa malori.

— Kinakisia.

— Haba na haba hujaza kibaba, — alisema Profesa, kinyozi wa mtaani. — Maana yake, kila kidoti kina baba yake.

— Profesa, kunywa kahawa.

Mwanzoni tuliona chenga tupu, zikiruka kama unga uliopulizwa. Fundi akabonyeza rimoti, akabonyeza tena. Benchi zima likasimama.

— Aisee!

— Oneni shela! Oneni uzi wa shela!

Mama alitoka mlangoni, sura angavu kama ya jana. Akainua mabega ghafla, akacheka. Kahawa yangu ilikuwa inadondokea kiatuni, sikuwa na habari.

— Simamisha hapo! — Breki alinyoosha kidole. — Mbona bwana harusi kashika mwavuli?

— Jua kali, — alisema Fundi.

— Jua gani lisilo na kivuli?

— Vivuli vimesafishwa.

— Acheni ushamba, — Profesa aliingilia. — Ile ni antena. Kamera za zamani zilikuwa dhaifu, bwana harusi alishikishwa antena ili picha ikamate.

— Na bibi harusi anachekea nini?

— Umeme wa antena unamtekenya!

— Haya, na wageni wanaokimbia?

— Chakula kimeiva.

— Wote? Hata yule bibi aliyebeba viatu mkononi?

— Njaa haina adabu. Mwenye macho haambiwi tazama sahani.

Tulikuwa bado tunacheka aliposimama nyuma yetu mzee mwenye fimbo, bwana harusi mwenyewe.

— Shikamoo, baba, — niliinuka kumpisha.

— Marahaba. — Hakukaa. Alisogea hadi karibu na kioo, akaitazama ile picha nzuri juu mpaka chini. — Mvua yetu iko wapi?

Benchi zima likageukia kioo. Mvua ile ya siku ya harusi yao tumelelewa nayo. Kila mama alipokimbia kuanua nguo, baba alimwambia, “Taratibu, wewe ulishaolewa nayo.” Lakini mimi macho yangu yote yalikuwa kwenye uso wa mama.

Profesa akamgeukia Fundi.

— Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Fundi, kisanduku chako kimeyazoa yote!

— Samahani, mzee, — Fundi alikuna kichwa. — Hiki kikiona kitu kimetokea mara moja kikapotea, kinadhani ni chenga. Kinafuta.

— Tone la mvua litokee mara ngapi? — aliuliza baba.

Fundi akarudisha mkanda mwanzo. Akaanza kupunguza usafi wa kisanduku, kitufe kwa kitufe. Uzi wa shela ukapotea. Kope zikapotea. Chenga zikarudi zikiruka ovyo, na katikati yao ikashuka mistari mirefu, yote mshazari, yote upande mmoja.

— Hiyo hapo! — baba aligonga fimbo chini. — Inakuja, inakuja! Mtazameni sasa!

Mama alitoka mlangoni. Akainua mabega ghafla, akacheka.

— Tone limemwingia mgongoni, — alisema baba. — Alinilaumu mimi na mwavuli wangu.

Fundi alinigeukia, rimoti mkononi.

— Nitoe nakala ipi?

— Yenye mvua.

Kahawa ilikuwa imeisha na hakuna aliyeulizia nyingine. Breki, macho kwenye kioo, alivuta miguu yake chini ya benchi, isilowe.