Kaingu Randu na Lawama Aliyomtua Mkewe

Ndugu waombolezaji, tunayemzika leo, Kaingu Randu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 Kisauni, kitinda mimba wa mzee Randu na mama yetu Dama, akasoma Frere Town hadi darasa la nane mwaka 1986, kisha akajifunza kuchomelea vyuma, kazi aliyoifanya Kipevu tangu 1993, na aliyechomelewa geti naye anajua kwamba halijang'oka hadi leo.

Tarehe 12 Desemba 1998 alimwoa Philister, miaka ikapita bila mtoto, nasi familia, kwa desturi yetu, tukamtazama mke peke yake, akanyweshwa mizizi, akaitwa majina, na mama akaanza kumtafutia Kaingu mke wa pili.

Mwaka 2009 Kaingu alikwenda hospitali bila kumwambia mtu, akapimwa, na watafiti waliochunguza damu yake wakamweleza kwamba jeni zinazozifanya seli za korodani zishikane zilikuwa na hitilafu tangu azaliwe, hivyo mbegu zilibanduka kabla hazijakomaa, na kwa kuwa alikuwa fundi, alielewa upesi: vyuma vipo, ila havikushikana.

Sikukuu ya Pasaka, tarehe 4 Aprili 2010, mbele ya wazee walioitwa kumjadili Philister, alisimama akasema, "Mama, mwenye kasoro ni mimi, mwacheni mke wangu," mama akalia, na sisi wasemaji wakubwa tukakosa pa kutazama.

Mwaka 2013 walipata mtoto wa kulea, kwa idhini ya mahakama, wakampa jina la nyanyake, Dama, na mama yetu alimbeba mgongoni hadi mgongo ulipokataa.

Kaingu aliugua figo kuanzia Februari 2024, akafariki tarehe 9 Juni 2025, na aliagiza tusiandike kwamba Mungu hakuwajalia mtoto, maana Dama ni nani basi, na neno korodani lisomwe kama lilivyo, anayetaka kucheka acheke.

Tunawashukuru sana madaktari na wauguzi, majirani wa Bombolulu waliopika tangu siku ya kwanza, na mafundi wenzake wa Kipevu waliomchomelea msalaba huu kwa mikono yao.

Shukrani ya mwisho ni yako, Philister, uliyebaki nasi, na kwa ile miaka kumi na mmoja familia inakuomba radhi hapa, mbele ya watu, kama tulivyokulaumu mbele ya watu.

Kaingu, tumesoma ulivyotuagiza, pumzika kwa amani.