Asheri Sanga na Mbuzi ya Kukanyaga ya Bi Tausi

Ndugu waombolezaji, mimi Anold, mdogo wa marehemu, haya nitakayosoma sikuhadithiwa na mtu, yote niliyaona kwa macho yangu haya mawili, hata siku anazaliwa nilikuwepo, ingawa yeye ndiye mkubwa, na anayebisha asimame.

Kaka Asheri Sanga alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika kambi ya mkonge Ngomeni, wilaya ya Muheza, baba yetu akiwa manamba aliyetoka Makete, akasoma palepale mpaka darasa la saba mwaka 1976, mimi nikaishia la nne maana kichwa kilikuwa kimeshajaa. Mwaka 1977 aliingia karakana ya shamba akajifunza kuchomelea, na mwaka 1995 akafungua ya kwake Pongwe. Tarehe 6 Agosti 1988 alifunga ndoa na shemeji yangu Beatrisi katika kanisa la Kilutheri Muheza, wakajaliwa Yudith na Blessing, ambao sura wamechukua kwa mama yao, tumshukuru Mungu.

Februari mwaka jana alikuja karakana Bi Tausi wa Tongoni, mpishi wa shughuli, ambaye wali wake ukichemka kule pwani watu wa Amani milimani wanadondosha mate, lakini ajali ya bodaboda ilimkata mkono wa kulia, ikawa nazi wanamkunia majirani. Akasema, "Fundi, nazi ya kukuniwa ni chakula cha kutafuniwa, nitengenezee mbuzi ya mkono mmoja." Uweso, fundi jirani, akacheka, "Asheri we, si umwambie mama wa watu anunue mashine ya umeme!" Kaka akamjibu, "Ile inataka mkono wa nazi na mkono wa bakuli, huo wa pili utamwazima wewe?"

Akachora kwa chaki sakafuni, akapima mguu wa Bi Tausi na kigoda anachokalia, akatwaa kanyagio la cherehani mbovu akaliunga na jino la kukunia, mguu uzungushe, mkono ubaki na nazi. Ya kwanza ilizunguka kwa hasira, kifuu kikaruka, kikashika barabara ya Horohoro, nusura kiingie Kenya bila kukaguliwa. Ya pili ilikuna nazi na kifuu chake, tui likatoka rangi ya chai. Watu wakamwambia acha, akasema nitaacha nikifa. Ya tatu akaweka gurudumu kubwa lenye mwendo wa pole, meno akayachonga upya, Bi Tausi alipoijaribu nazi ilishuka laini kuliko poda ya mtoto mchanga, na Uweso hakucheka.

Ilibaki rangi tu, figo zikamlaza tarehe 20 Mei mwaka huu wa 2025, akawa anawagombeza manesi wamrudishe karakana, na Jumatatu tarehe 9 Juni akaaga dunia, mimi peke yangu nikiwa kitandani kwake.

Mzee wetu Zebedayo, shikamoo mzee, akasema kitu cha marehemu hakitoki nyumbani mpaka tuanue matanga, na leo Bi Tausi ana shughuli ya harusi, asipokuna mwenyewe jiko anapewa mwingine. Ndipo nikawapa wosia wa kaka, maneno yake ya mwisho, "Anold, mbuzi ifike Tongoni kabla sijazikwa," na jana nikaipeleka.

Tunawashukuru madaktari na manesi kwa kumvumilia, majirani wa Pongwe kwa kuni na maji, na mafundi wenzake, Uweso akiwemo, kwa kuipaka mbuzi ile rangi.

Sasa kaka yuko hapa mbele kwenye sanduku, na siwezi kumsingizia akiwa hawezi kunijibu, yale maneno ya mwisho nimeyatunga mimi, tangu Jumamosi hakufungua mdomo. Mzee Zebedayo, faini nitalipa, lakini mbuzi iko Tongoni na asubuhi hii imeshakuna, anayeitaka aende akautoe mguu wa Bi Tausi kwenye kanyagio.

Lala kwa amani, kaka, mzigo umefika.