Yule Mama wa Vipande Vitatu

Benchi letu liko ubavuni mwa duka la kinyozi, pale barabara inapokata kona. Ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, na upande wa dukani umelainika zaidi kwa sababu kivuli huanzia huko. Kando ya ngazi Dada Kahawa huweka jiko lake la mkaa, hukalia kigoda, na kati ya mteja mmoja na mwingine husoma riwaya. Husoma nyingi. Mwezi unapoisha hutuambia alizosoma na alivyoziona, huku akimimina, bila kuinua macho, na sisi ambao hatujafungua hata moja huzibishania mpaka jua linapozama. Hatujawahi kuona ubaya wowote katika utaratibu huo.

Mwezi uliopita alisoma nne. Ya kwanza ilikuwa ya mpelelezi, na alisema muuaji hakumtisha hata kidogo. Kilichomtisha ni kwamba mpelelezi yule hakula kitu tangu mwanzo hadi mwisho wala hakuna aliyemuuliza. Ya pili ilikuwa ya ndugu wawili wanaogombania shamba la baba yao. Aliipenda, ila humo kila mtu anaongea kama yuko mahakamani, hata mtoto anayeomba maji ya kunywa. Ya tatu ilikuwa ya mapenzi, naye alikiri kwamba alilia, kisha akajikasirikia, kwa kuwa aliyekufa ni mtu ambaye hakumpenda tangu ukurasa wa kwanza. Breki, ambaye ni dereva wa lori, alimtetea mpelelezi, akasema hata yeye akishika usukani njaa humwogopa. Gundi, fundi viatu, alitaka kujua shamba lile lilikuwa na mti wa kivuli au halina, maana bila hilo hawezi kutoa hukumu.

Kuhusu ya nne Dada Kahawa hakusema kitu. Hiyo alikuwa amempa Kinyozi.

Habari yenyewe ni hii. Mwanzoni mwa mwezi, asubuhi moja kabla hatujafika, Kinyozi alishuka ngazi akamwambia Dada Kahawa kwamba anataka kumwoa. Alimwambia wakati anasuuza vikombe. Dada akamaliza kusuuza, akavipanga, akatoa kitabu kwenye kikapu chake, akamwambia akisome. Mwezi ukiisha amweleze amemwonaje yule mama aliyemo, naye atampa jibu lake.

Kinyozi ni mtu wa mashine na maneno. Kitu cha mwisho alichokisoma chote kilikuwa maelekezo ya kutumia mashine ya kunyolea, na hayo aliyasoma baada ya kuiharibu. Akatuletea kitabu pale benchini kama mtu anayeleta mgonjwa.

Sisi tulilichukua jambo lile kuwa letu, na nakiri kwamba sehemu kubwa ilikuwa kwa ajili ya kahawa. Breki alituwekea hesabu mezani, ingawa meza hatuna. Dada akikataa, ataona haya kukaa mlangoni kwa mtu aliyemkataa, atahamisha jiko. Akikubali, Kinyozi atamwambia sasa wewe ni mke wangu, kaa nyumbani. Kinyozi aliapa kwamba hatasema hivyo. Breki akamjibu kwamba wote huapa. Kwa hiyo tulihitaji Dada akubali, lakini asikubali sana.

Gundi ndiye aliyetatua suala la muda. Alikiweka kitabu gotini, akakikata vipande vitatu kwa kisu chake cha ngozi, akatoboa kila kipande kwa sindano ya viatu, akakishona kwa uzi wenye nta na kukivisha jalada la ngozi laini. Kazi ilikuwa safi kiasi kwamba Kinyozi alishukuru kwanza, ndipo akakumbuka kwamba kitabu si chake. Kipande cha mwanzo alikichukua Gundi mwenyewe. Cha katikati alipewa Breki, aliyekuwa na safari ndefu na foleni za mizani ya malori. Cha mwisho Kinyozi alikitaka yeye, akisema anayejua mwisho wa jambo analijua lote. Mimi sikupewa kitu. Nilisema nasoma polepole, na ni kweli.

Basi siku yenyewe ikafika. Dada Kahawa alikuwa ameondoka na ndoo kwenda bombani nyuma ya duka la dawa, nasi tulikuwa na muda wa ndoo moja kujaa ili kumtengenezea Kinyozi maoni.

Gundi ndiye aliyeanza.

— Yule mama ni katili. Mume kaenda kutafuta kazi, vumbi la basi halijatua, yeye kauza kitanda. Kitanda cha mume, jamani. Kilichochongwa.

Breki alishangaa. Kitanda hakukikuta popote. Katika kipande chake kulikuwa na mama anayemuuguza mkwewe, bibi asiyeweza kuinuka; anamwogesha, anamgeuza kwenye godoro jipya, anamnywesha dawa, kisha usiku anashona magauni ya watu. Breki alisema alipofika pale mkwe anapomwita kwa jina la binti yake aliyefariki, na mama akaitika, alisimamisha lori kando ya barabara kwa sababu haoni mbele.

— Huyo ni mtu wa kusimamishiwa sanamu, alisema. Mzee Gundi, wewe umesoma kitabu gani?

Nilitaka kuuliza kama huenda kitanda ndicho kilichonunua godoro na dawa. Lakini mimi sikuwa nimesoma kipande chochote, na pale benchini asiyesoma kabisa ana haki ndogo kuliko aliyesoma theluthi.

Kinyozi alisema kwake hakuna kitanda wala mkwe. Kuna mama na cherehani yake karibu na mlango. Anakuja mwanamume anayechechemea, anabisha hodi. Mama anafungua, anamtazama, anatoa kiti anakiweka nje. Anamletea sahani ya chakula, anamwekea mapajani. Halafu anarudi ndani kushona, na kitabu kinaishia hapo, cherehani ikilia.

— Hiyo ni heshima, alisema Kinyozi. Kampa kiti.

— Nje, alisema Gundi.

— Nje kuna hewa.

Hapo ndipo mguu ulipotuletea matatizo. Gundi aliuliza anayechechemea ni nani, maana mume aliyeondoka kwenye kipande chake alilikimbilia basi na kulidaka. Wote tukamgeukia Breki, kwa kuwa mguu kama uliumia, uliumia katikati. Breki akakohoa. Akasema karatasi mbili hazipo. Kule mizani dereva mwenzake aliziazima gizani kufutia kijiti cha kupimia oili, akidhani ni karatasi tu. Hata hivyo, alisema, hakuna cha kubahatisha. Anajua ziliandikwa nini. Ilikuwa ajali, na ajali ile ilitokana na breki.

Gundi alikataa. Mtu anayekimbilia basi na viatu vipya, alisema, msumari wa soli hupanda taratibu, na baada ya mwaka mguu umekwisha. Akatueleza wateja wake watatu ambao misumari imewabadilishia maisha. Kinyozi aliwasikiliza wote wawili, akapata wazo la tatu: aliyerudi si mume. Ni mtu mwingine mwenye njaa, ndiyo maana kiti kiliwekwa nje.

Ndoo ilikuwa inajaa, na mawazo yakaanza kwenda mbio. Gundi alisema ni kosa la kiwandani, hadithi mbili zimefungwa pamoja, na mama ni wawili, labda mapacha. Breki alisema la hasha, mama ni mmoja ila mkwe hakuumwa. Mkwe ni yule mume, hakupanda basi lolote. Alijifunga kitenge na kulala kitandani mwa mama yake ili aone mke wake atafanya nini.

Tulilitafakari hilo. Gundi aliuliza ndevu je. Kinyozi, ambaye swali lilimhusu kikazi, alisema ndevu si kikwazo, ilimradi awe na wembe mzuri na anyoe asubuhi na jioni. Nadhani hapo ndipo alipoanza kulewa na jambo lile, akasahau kwamba lilikuwa lake.

Mwishowe tulimtengenezea sentensi moja inayoweza kubeba wanawake wote tuliowakuta. Aseme kwamba ni mama mgumu lakini mwenye huruma, na kile kiti kinathibitisha. Tulimrudisha kwenye sentensi hiyo kama mtoto wa shule, mpaka akaisema bila kukwama, huku mkono umewekwa kifuani. Mkono ulikuwa wazo la Breki.

Dada Kahawa akatua ndoo, akajaza birika, akasubiri lichemke. Alitumiminia wote. Breki alimwita shemeji, na Dada akamjazia kikombe nusu. Kisha akakaa kwenye kigoda, akamtazama Kinyozi aliyesimama kwenye ngazi.

— Umekimaliza?

— Nimekimaliza.

Tulisubiri amuulize amemwonaje yule mama, kama walivyokubaliana. Hakuuliza hivyo.

— Ungekuwa wewe, ungemwoa?

Mkono wa Kinyozi ulikuwa tayari kifuani. Sentensi ilimfika mdomoni, ikagoma kutoka, kwa sababu haikuwa jibu la swali lile. Alimtazama Gundi. Gundi akapata uzi wa kupitisha kwenye sindano. Breki alikuwa anakagua ndani ya kikombe chake.

— Yupi? alisema Kinyozi.

Baada ya hapo hapakuwa na cha kuficha. Gundi alitoa kipande chake chini ya sanduku la viatu. Breki alitoa chake mfuko wa koti, kikinuka dizeli. Kinyozi aliingia dukani akarudi na cha mwisho. Dada Kahawa aliviweka mapajani kimoja kimoja. Alipuliza nywele za wateja zilizokuwa katikati ya kurasa. Alipitisha kidole kwenye mshono, na Gundi, namjua, alitamani kusifiwa na akajizuia. Kwenye kipande cha Breki alifika mahali, akarudi nyuma ukurasa mmoja, akaenda mbele tena, akaona pengo.

Hakupandisha sauti. Alimuuliza Kinyozi tu yeye alisoma kipi.

— Hicho cha mwisho. Nimekirudia kila siku nikifunga duka.

— Na ungemwoa?

— Sijui, alisema Kinyozi, na mkono ulikuwa umeshuka. Mimi nimemkuta mlangoni, kiti kashakitoa. Sijui alipitia nini kabla ya hapo. Hawa wananiambia, lakini kila mtu na wake.

Dada Kahawa alivipanga vipande vitatu kwa mpangilio wake, akavigonga gotini vikalingana.

— Na mimi umenikuta wapi?

— Hapo, alisema Kinyozi, akionyesha jiko.

— Jioni nikibeba jiko hili naenda wapi?

Lilikuwa swali dogo. Breki, anayejisifu kwamba hakuna njia asiyoijua, alisema ni upande wa stendi, kwa shangazi yake. Gundi aliuliza shangazi yupi, kwa kuwa yeye alidhani ni kwa dada yake mwenye kilema cha mkono. Breki akasema dada hajawahi kumsikia. Wakatazamana, na kila mmoja akaona kwamba mwenzake amebuni. Mimi nilijaribu kukumbuka kama nimewahi hata mara moja kumwona akiondoka. Sisi huondoka kahawa inapokwisha, na yeye huwa bado amekaa.

Kinyozi hakubuni. Alisimama kwenye ngazi ya duka lake, hatua mbili kutoka kwenye kigoda kile, akasema hajui, na kwamba ameona aibu sasa hivi kwa kutojua.

Breki aliomba aongezewe kikombe, nadhani ili tu kitu kitendeke. Dada Kahawa aliinamisha birika, likatoa machicha. Akamwaga maji kidogo juu ya makaa, akaacha mengine yakiwaka. Vipande vya kitabu alimpa Gundi, akamwambia kesho anakitaka kizima, na hahitaji ngozi.

— Na zile karatasi mbili, dada? Gundi aliuliza.

— Hizo nitamsimulia mwenyewe.

Hakusema nani. Akafunga vikombe vilivyokuwa kwake kwenye kitambaa, akatia kikapuni, akashika mkono mmoja wa jiko. Jiko lile lina mikono miwili, na kwa muda wote tuliokaa pale hatukuwahi kujiuliza mtu mmoja hulibeba vipi.

— Bado lina moto, alimwambia Kinyozi. Shika huko, usijiunguze.

Kinyozi alivuta mlango wa duka bila hata kuufunga kwa ufunguo. Walibeba jiko kati yao, wakipishana hatua kama watu wasiozoeana kubeba, mpaka kwenye kona. Sisi tulibaki na vikombe vitupu tulivyosahau kumrudishia. Breki alisema tazameni, watakata kulia, stendi.

Walikata kushoto.

Breki alisema huko hakuna nyumba, njia ile anaijua vizuri. Akasimama juu ya benchi ili aone zaidi. Gundi alimshika suruali asianguke, akamuuliza anaona nini. Breki alinyoosha shingo, akasimama kwa ncha za vidole.

— Zipo, alisema.