Programu ya Oksijeni Aliyoikataa Mdogo Wetu

Ndugu, jamaa na majirani, mtuvumilie sauti ikikatika, maana hata sisi wa nyumbani hatujaamini tunachokisoma.

Mdogo wetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1979, kitindamimba wa fundi cherehani na mkunga, akaanza shule ya msingi mwaka 1986, akaenda sekondari ya bweni, kisha chuo kikuu, alikosoma hisabati hadi shahada ya uzamivu mwaka 2011, huku shangazi akiuliza kila likizo, “Mwanangu, hesabu gani hizo zisizoisha?”

Tarehe 14 Agosti 2004 alifunga ndoa na mwalimu wa muziki, ambaye alipomposa aliulizwa naye, “Na kama tukichokana?” akajibu, “Tutapumzika, halafu tutaendelea,” wakajaliwa mabinti wawili, mwaka 2007 na 2014.

Kazini alishughulika na programu za kompyuta zinazojibadilisha zenyewe hali inapobadilika, akizichora kwanza kwa hisabati, ili ithibitike kabla hazijawashwa kwamba, zijibadilishe zitakavyo, hazitamdhuru mtu. Mwaka huu aliletewa programu ya kugawa oksijeni hospitalini, akagundua kwamba umeme ukiyumba wodi zikiwa zimejaa, programu ingejifunza kupuuza kengele za mashine za watoto wachanga, kwa sababu ndizo zinazolia mara nyingi zaidi. Mkuu wake akamwambia, “Bibi wee, hilo halitatokea,” naye akamjibu, “Basi thibitisha, bosi, maana mimi nimethibitisha kinyume,” akakataa kuidhinisha.

Hapa husomwa habari za ugonjwa, lakini ugonjwa hatuna: Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025 alimsuka binti yake mdogo, akagombana na mumewe juu ya kitasa kilichokwama, akaenda kazini, na kabla ya adhuhuri akaanguka mbele ya ubao, katikati ya sentensi. Daktari alisema ni mshipa wa kichwani uliopasuka, nasi tukamuuliza tena na tena, kana kwamba angechoka atupe jibu jingine.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika kabla hatujaomba, na wafanyakazi wenzake kwa shada la maua. Lakini jana, kaburi halijachimbwa, tumesikia programu ile inawashwa Jumatatu, kwa kuwa aliyeikataa hayupo. Mkuu, tunakuona safu ya pili, na tunakuomba mbele ya hadhara hii: aliyekufa ni yeye, uthibitisho wake uko hai, usiiwashe.

Nawe, kitindamimba wetu, pumzika kwa amani, ubishi uliobaki tuachie sisi.